Mkubwa Anagawa, Mdogo Anachagua

6 Februari

Kwako mdogo wangu,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Huku tupo. Mama anakula, analala, anagombana na redio. Miwani mpya ameikataa, anasema ile ya zamani wameshazoeana. Karakanani tunakata sare za shule kama kila mwanzo wa mwaka, na msimamizi ameleta mkasi wa umeme ambao kila mtu anauogopa isipokuwa mimi. Nisalimie mkeo.

Simu zako naziona. Zinalia, naziangalia mpaka zinanyamaza. Usiudhike. Kwenye simu utaniuliza naendeleaje, nitasema vizuri, utasema afadhali, tutaagana, na kila mmoja atakuwa amemdanganya mwenzake. Kwenye karatasi uongo unanichosha mkono. Kwa hiyo wewe andika, nami nitaandika.

Haya, neno lenyewe. Ule mguu unaoniuma si baridi yabisi. Ni saratani ya mfupa, kwenye nyonga ya kushoto, ya aina inayoanzia kwenye gegedu, ile nyama ngumu ya kwenye maungio. Daktari alisema ni aina adimu sana, kana kwamba ananipongeza. Haisikii mionzi wala zile dawa za kawaida. Kukata wangekata, lakini imeshapanda mapafuni, vidoa vidogo vingi, kwa hiyo kukata kutakuwa ni kunisumbua tu. Nikamuuliza, sasa hii inasikia nini? Akaangalia dirishani.

Mama nimemwambia ni baridi yabisi, na wewe usimwambie kinyume. Anaupaka mguu wangu mafuta kila jioni na kunilaumu kwa kusimama sana.

Sikuandikii ili uje. Nakuandikia kwa sababu ukisikia kwa watu utasema nilikuficha.

Ni mimi dada yako, ninayeandika nimesimama, maana kukaa ndiko kunakouma.


2 Machi

Kwako dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mke wangu anakusalimu, anaulizia lini utamshonea lile gauni. Kazi ni nyingi. Jengo moja la ofisi limetuita mara tatu kwa sababu lifti inasimama katikati ya ghorofa na watu wanapiga kelele kama wanazama. Ukiwatoa hawasemi asante, wanaangalia saa.

Barua yako niliisomea chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo, na nikakaa huko mpaka wakaja kunitafuta. Samahani nimechelewa kujibu. Sikuwa na la kuandika.

Sasa ninalo. Nimetafuta. Kuna utafiti wa dawa mpya ya aina hiyo hiyo, na moja ya hospitali zinazoufanya ni ile ya rufaa iliyo mjini kwenu. Niliwaandikia, wakajibu, wakataka majibu ya vipimo vyako. Ni vidonge vya kumeza tu, hakuna kulazwa. Nenda Jumatatu yoyote. Jina langu nimewapa kama ndugu wa karibu, kwa hiyo wanakutarajia.

Dada, usianze ubishi wako. Najua utasema wewe si panya. Hakuna njia nyingine, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba daktari aliangalia dirishani.

Likizo yangu ni mwezi wa saba. Nitakuja, tutakaa vizuri. Ikibidi mama aje kukaa na sisi kwa muda, nafasi ipo. Tuko ghorofa ya saba, lakini lifti ninaitunza mwenyewe.

Mdogo wako.


11 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Mvua haituachi. Mama ameshinda vita na redio, imekufa. Sasa anagombana na jirani kupitia ukutani. Kuhusu kuja kwenu, nilimgusia kwa mbali, akasema yeye hapandi sanduku linaloning'inia kwenye kamba, hata kama kamba imefungwa na mwanawe. Nakufikishia salamu kama zilivyo.

Nilisema siendi. Umenijua vizuri, na neno panya nilikuwa nimeshalitayarisha. Halafu siku moja nimesimama mbele ya meza ya kukatia, kitambaa cha bluu kimepangwa tabaka kwa tabaka, nikashika mkasi, mguu ukaniacha. Sikuanguka. Nilining'inia pale mezani mpaka wakaja kunishika. Kesho yake nikaenda.

Daktari wa utafiti ni binti mdogo anayevaa raba. Alinieleza yote, akanitaka na mimi nimweleze, akaridhika. Kundi moja linapewa dawa, jingine linapewa vidonge vitupu vinavyofanana navyo, na hakuna anayejua nani anameza nini, hata yeye. Kila baada ya muda tunapigwa picha. Uvimbe ukikua, siri inafunguliwa, na aliyekuwa akimeza vitupu anapewa dawa ya kweli. Nikamuuliza nani anagawa. Akasema kompyuta. Na nani anachagua? Akasema hakuna anayechagua, ndiyo maana ni haki.

Nikakukumbuka. Sisi tumelelewa kwa sheria moja tu ya mama: mkubwa anagawa, mdogo anachagua, na mdogo akikawia mkubwa anajichukulia. Chungwa, blanketi, upande wa kitanda. Nilijifunza kukata sawasawa kwa ajili yako, maana nikizidisha upande mmoja kidogo tu, jicho lako liliuona kabla ya langu. Karakanani wanashangaa ninavyokata bila chaki. Ni kwa sababu yako.

Nilitia sahihi. Nimepewa kopo langu lenye namba.

Kwenye benchi la kusubiri nimepata mwenzangu. Mwalimu wa michezo, refa wa mpira wa shule, na hata wauguzi wanamwita Refa. Ugonjwa wake ndio huu huu, ila uko kwenye bega la kulia, na mkono haupandi. Akaniambia, "Dada, refa asiyeweza kuinua kadi ni mtazamaji aliyevaa kaptura." Nilicheka mpaka nyonga ikanikemea. Anaishi peke yake. Alisema mkewe aliondoka kwa sababu alimwona jeuri, na sasa mimi pia ninaona mkewe hakukosea.

Nasubiri mwezi wa saba. Sijasema nakusubiri wewe. Nimesema nasubiri mwezi.

Dada yako.


9 Mei

Kwako dada mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo kabisa. Nimefurahi sana, na mke wangu amefurahi. Nimewaeleza hata mafundi wenzangu. Mmoja wao ana shangazi aliyeponea kwenye utafiti kama huo, ingawa ugonjwa wake ulikuwa mwingine.

Nakuomba kitu kimoja. Fuata masharti yao neno kwa neno. Wewe una tabia ya kuwarekebisha watu kazi zao. Wakisema kidonge asubuhi, ni asubuhi. Usimeze dawa nyingine, usikubali kile anachokupa jirani, usijifanye unajua. Kwenye kazi yetu, mtu akilazimisha mlango wa lifti kwa sababu anadhani anajua, ndiye tunayemtoa chini.

Huyo Refa msalimie, lakini msizoeane sana. Wagonjwa wakikaa pamoja wanatishana.

Mwezi wa saba uko palepale.

Mdogo wako anayekuombea mema.


14 Juni

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Mama amepata redio nyingine, jirani anapumua. Msimamizi amenipa kiti kirefu mezani, kwa hiyo nakata nimekaa nusu, nimesimama nusu. Wasichana wa karakana wanasema nafanana na ndege wa kwenye matope anayesimama kwa mguu mmoja. Nimewaambia ndege huyo anakula vizuri.

Picha ya kwanza imetoka. Uvimbe haujakua. Haujapungua vile, lakini haujakua, na vidoa vya mapafuni vimekaa kama vilivyokuwa. Binti wa raba alitabasamu, halafu akajizuia, maana hawaruhusiwi kutabasamu kabla ya wakati. Picha ya Refa nayo ni hivyo hivyo. Mkono umepanda mpaka usawa wa kidevu. Ananionyesha kadi za njano tu, anasema nyekundu bado.

Refa anakuja kwetu kila baada ya kliniki. Mama anampenda kwa sababu ana sauti kubwa, ndiye mgeni pekee anayesikika. Tunakaa kwenye meza yangu ya kushonea, tunakunywa chai, tunapanga mambo yetu.

Usiniulize kwa nini, lakini nina hakika ninameza dawa. Usiku sikeshi nikijiuliza kama wenzangu wa kwenye benchi. Kuna mama mmoja pale anatafuna kidonge kwanza ili asikie kama kina uchungu. Mimi sihitaji kutafuna.

Chumba cha nyuma nimekisafisha. Godoro nimeligeuza.

Dada yako.


19 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimeona niandike haraka kabla hujaanza kuangalia barabarani. Likizo imekataliwa. Wamepata jengo jipya lenye lifti nne na wanataka watu wote wawepo. Nimejaribu kuwaeleza, haikusaidia. Labda mwisho wa mwaka.

Habari za picha ni nzuri sana. Unaona sasa? Endelea hivyo hivyo. Hata ningekuja sasa, ningekuja kukaa tu, maana unaendelea vizuri.

Mama umpe salamu zangu kwa sauti kubwa.

Mdogo wako.


30 Agosti

Kwako mdogo wangu,

Sina salamu nyingi leo. Mama mzima. Karakana nimeiacha.

Nimetolewa kwenye utafiti. Mimi na Refa, siku moja, chumba kimoja. Nitakueleza mara moja tu na usinirudishe huko.

Tangu mwezi wa nne tulikuwa tunachanganya. Alikuja na kopo lake, mimi na langu, tukamwaga vyote mezani. Vinafanana kama vifungo vya shati moja. Nikavikoroga kwa kiganja, nikatenga mafungu mawili sawasawa, nikamwambia Refa achague, maana ni mdogo kwangu. Akasema hii ni faulo. Nikamwambia basi piga kipenga. Hakupiga. Alichagua fungu la upande wa dirishani, tukajaza makopo yetu tena, na kila walipohesabu vidonge hospitalini, hesabu ilikuwa sawa.

Wazo lilikuwa langu. Usimtafutie Refa lawama. Nilikaa kwenye benchi lile nikamwangalia, nikajua mmoja wetu amepewa na mwingine amenyimwa na mashine isiyotujua. Nikaona tukichanganya, hakuna atakayekosa kabisa. Hata mambo yakiwa mabaya kabisa, kila mmoja atapata nusu. Nusu naijua, nimeishi nayo.

Damu ndiyo iliyotusema. Damu ya mmoja ilikutwa na nusu tu ya dawa inayotakiwa. Damu ya mwingine ilikutwa na dawa, wakati kopo lake halikuwa na dawa hata punje. Binti wa raba alikuwa analia. Pembeni yake alikaa mwanamume wa tai, wa kampuni inayotengeneza dawa, ambaye hakulia. Akatueleza kwa utulivu kwamba tumeharibu majibu yetu na hatuwezi kuendelea. Binti alituombea mbele yetu, yule wa tai akamkatiza. Alisema wengine wanaitegemea kazi hii, watu wengi ambao hatutawaona.

Lakini lililoniumiza ni lile alilosema binti tulipotoka. Alisema aliyekuwa na vidonge vitupu, picha ya mwezi wa sita ingeonyesha uvimbe umekua, wangefungua siri, wangempa dawa ya kweli, kamili. "Ile nusu iliuzuia usikue kiasi cha siri kufunguliwa," akasema, "lakini haikutosha kuukomesha." Aliyekuwa na dawa naye angekuwa na dawa yake nzima. Ilitakiwa subira ya wiki chache tu, tukashindwa.

Hakunieleza? Alinieleza, na mimi nikamweleza, na akaridhika. Mambo ya kuambiwa niliyaelewa. Kuyaamini ndiko kulikonishinda. Sijawahi kuona mtu aliyenyimwa mwanzo akarudishiwa baadaye.

Picha mpya imetoka pia. Imeanza kukua.

Dada yako.


6 Septemba

Dada,

Nimepata barua yako leo na ninajibu leo.

Sielewi. Nimeisoma mara nyingi na sielewi. Nilikuandikia, fuata masharti neno kwa neno. Mimi ndiye niliyeutafuta utafiti ule, nikawaandikia watu nisiowajua, nikasubiri majibu kama mwombaji. Nilikupa mlango ukaufunga mwenyewe, kwa ajili ya mtu wa kwenye benchi.

Kopo la nani lilikuwa na dawa? Lazima wamekuambia. Kama lilikuwa lako, basi umemgawia mpiga kipenga maisha yako, mtu usiyemjua hata mwaka. Una mama. Una mimi. Hukufikiri kwamba uhai huo si wako peke yako? Ungetuuliza kwanza. Kabla ya kugawa, ungetuuliza.

Nimewaandikia hospitali. Nimewaambia wewe ni mtu wa kushona, hukuelewa. Naomba ukiulizwa useme hivyo hivyo, kwamba hukuelewa. Labda watakurudisha.

Niambie kopo lilikuwa la nani.

Mdogo wako.


20 Septemba

Kwako mdogo wangu,

Hujaniamkia, basi nami sina marahaba ya kukupa. Mama anakusalimu. Hajui kitu.

Hospitali walinipigia. Binti wa raba alinisomea ulichoandika. Nikamwambia nilielewa kila neno. Sitakufa nikiwa mjinga kwa sababu inakupendeza wewe.

Kopo la nani, wamenieleza. Sikuambii. Ukijua ni la Refa, utamshukuru Mungu na kunisahau. Ukijua ni langu, utamchukia mtu ambaye anakuja hapa kila siku kunibebea maji ya kuoga kwa mkono mmoja. Kaa hivyo hivyo bila kujua, uone tulivyokuwa tunakaa sisi kwenye benchi.

Unasema ningeuliza kabla ya kugawa. Mdogo wangu, lini uliwahi kutaka niulize? Chungwa hukutaka niulize. Baba alipofariki palikuwa na nafasi moja ya chuo cha ufundi na mama mmoja aliyekuwa hainuki kitandani. Niliweka chuo upande huu, mama na karakana upande ule, nikakwambia chagua. Ulichagua kabla sijamaliza kusema. Sikulia, sheria ni sheria, na niligawa mwenyewe. Lakini wewe umekula nusu zangu tangu una meno ya utoto, na hujawahi kuniuliza kopo lilikuwa la nani. Leo nusu imekwenda kwa mwingine ndipo unagundua kwamba mimi ni mtu wa kugawa ovyo.

Kuna lingine. Nilitaka kulimeza lakini koo limejaa. Mwezi wa saba mkeo alinitumia picha. Hana ubaya, alitaka nione mapazia mapya. Wewe uko juu ya ngazi, kifua wazi, unatundika fimbo ya pazia, na chini ameandika kwamba anashukuru umepata likizo yako, nyumba inapendeza. Mapazia yamekatwa vibaya, la kushoto ni fupi. Nilimjibu yanapendeza.

Sikukasirika kwa sababu hukuja. Ningekwambia mwenyewe usije, kama ungesema unaogopa. Watu wanaogopa, hata Refa anaogopa, ananiambia. Nimekasirika kwa sababu uliniandikia lifti nne. Ulikaa ukafikiri ziwe ngapi.

Sasa nisikilize, maana mkono unachoka mapema siku hizi, na nyonga hainiruhusu tena kuandika nimesimama. Dawa ya maumivu inanifanya nilale mchana. Binti anasema bado kuna muda, ila hasemi muda gani, na mimi nimeacha kumwuliza watu wanaangalia nini dirishani.

Kuna kuja sasa, nikiwa bado naweza kukutukana vizuri, ukanishika mkono, ukamtazama mama usoni, tukamwambia pamoja. Na kuna kuja kunizika. Mafungu haya mawili hayako sawa, najua. Mara hii sikukata vizuri. Lakini nimegawa. Chagua.

Dada yako.


29 Oktoba

Kwako dada mpendwa,

Shikamoo dada yangu. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, maji yanaingia kwenye mashimo ya lifti, kila siku tunapampu. Mke wangu anakusalimu sana. Hajui kwa nini simsemeshi.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilianza barua nyingi. Kuhusu picha ya mapazia sina la kusema.

Nimechagua. Nakuja sasa. Nimeomba ruhusa na wamenipa, kweli wamenipa, naweza kukutumia karatasi yenyewe uione. Nitaondoka mwisho wa wiki ijayo, mara tu atakapopatikana wa kushika zamu yangu. Tutamwambia mama pamoja kama ulivyosema. Na huyo Refa nitamsalimia kwa mikono miwili.

Nivumilie kidogo tu, dada. Pumzika, ule, unisubiri.

Mdogo wako.


8 Novemba

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Refa amenishikia ubao wa kukatia, yeye ndiye meza yangu leo. Mkono wake umeshuka tena, kadi haziinui hata za njano. Ananiambia andika haraka, ubao mzito.

Barua yako imefika jana. Umechagua vizuri, na umechelewa.

Mama nimemwambia. Nilimwambia peke yangu, wiki mbili zilizopita, nilipoona wino wako umekauka. Alisikia mara ya kwanza, yeye ambaye kila neno huambiwa mara tatu. Akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema unajua tangu Februari. Alifunika mafuta ya kupaka, akayaweka kabatini.

Sheria unaijua. Mdogo akikawia, mkubwa anajichukulia. Nimejichukulia. Siku hizi zilizobaki ni zangu na mama, na kidogo za Refa anayetubebea maji. Usije sasa. Nimekuwa mtu wa kugeuzwa ubavu na kufutwa mdomo, na sitaki uje unitazame kwa macho yale ya kupima mafungu. Kama umeshafunga begi, lifungue. Lako ni lile lililobaki. Refa atakupigia, na simu yake uipokee.

Uliuliza kopo. Lilikuwa langu. La Refa lilikuwa vitupu. Nakwambia sasa kwa sababu huna tena la kufanya nalo. Refa anajua, na ndiyo maana anabeba maji. Nimemwambia hanidai, nilichompa hakikumfaa, kilimfungia tu mlango. Hatujui yupi alimharibia mwenzake zaidi, na tumeacha kubishana.

Fungu lililobaki lina mama ndani. Nakukabidhi. Anakunywa chai ikiwa imepoa. Halali taa ikizimwa, na atakuambia ni wewe unayeogopa giza. Usimbadilishie miwani. Sahani umwekee yeye kwanza, na akikuambia gawa, gawa, halafu ukae kimya mpaka achague.

Mnaishi ghorofa ya saba, nami nimesahau kukuuliza kama dirisha linaona mbali. Atapenda. Lakini kwenye lifti haingii, hata ungemfungia kamba kumi. Utampandisha kwa ngazi.

Dada yako.